Bwawa la jua Mbezi Beach: Kabla ya kuchimba, hesabu chumvi

KILA umeme unapokatika Mbezi Beach, mazungumzo ya barazani huwa ni yale yale: nani ana jenereta, nani amefunga sola na nani amesikia teknolojia mpya. Mgawo wa mwaka 2006 na ule wa 2011 uliwafanya wengi wanunue jenereta. Mgawo uliporudi mwishoni mwa mwaka 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, wengine waligeukia paneli za sola. Sasa lipo wazo la tatu linalopita mdomo kwa mdomo, nalo ni bwawa la jua.

Mstaafu mmoja, jirani yangu wa upande wa chini wa Barabara ya Bagamoyo, aliniita kwake Jumamosi moja asubuhi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekwishapima eneo kwa kamba na mambo, mita 8 kwa 20.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Wewe umesomea uchumi wa kilimo, hebu nisaidie. Nataka kuchimba bwawa hapa, nilijaze maji ya chumvi, nipate umeme wa nyumba nzima. Jua ni la bure, bahari ile pale, na chumvi ipo Kunduchi. Nitashindwa nini?”

Alikuwa na haraka. Fundi wa kuchimba alitaka malipo ya awali Jumatatu, na fedha zenyewe zilikuwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Nilimwomba anipe siku ile moja, daftari na risiti zake za LUKU. Makala haya ni hesabu tuliyoifanya pamoja chini ya mwembe wake, kwa faida ya msomaji mwingine mwenye wazo kama hilo.

Bwawa la jua ni nini?

Kwanza tuseme wazi kwamba bwawa la jua si hadithi. Ni kitu cha kweli na kinafanya kazi.

Maji ya kawaida yakipigwa na jua, yale yaliyopata joto huwa mepesi na kupanda juu, kisha joto hupotelea hewani. Ndiyo maana bwawa la samaki halichemki hata jua likiwaka vipi. Lakini maji yenye chumvi nyingi ni mazito. Ukiyaweka chini maji makali ya chumvi, katikati ukaweka maji ambayo chumvi yake inapungua kidogo kidogo kadiri unavyopanda, na juu kabisa ukaweka maji yenye chumvi kidogo, yale ya chini hata yakipata moto hayawezi kupanda. Uzito wa chumvi unayashikilia pale pale. Tabaka la katikati hufanya kazi ya blanketi: mwanga wa jua unapita kwenda chini, lakini joto halipati njia ya kurudi juu.

Kwa namna hiyo maji ya chini hufikia nyuzi joto 70, 80 au hata zaidi, huku ukigusa maji ya juu unayaona ya kawaida. Viumbe vya namna hii vipo hata bila mkono wa mtu. Mwaka 1902 mwanasayansi Kalecsinsky alieleza juu ya ziwa la chumvi la Medve, ambalo leo lipo Romania, ambalo maji yake ya ndani yalikuwa na joto kali kuliko ya juu. Hapa kwetu Afrika Mashariki, watafiti wa miaka ya 1970 waliandika habari za Ziwa Mahega, ziwa dogo la chumvi magharibi mwa Uganda, lenye tabia hiyo hiyo.

Ili kupata umeme, maji ya moto huvutwa kutoka chini na kupitishwa kwenye mtambo wenye kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, mfano wa gesi ya friji. Mvuke wa kimiminika hicho ndio unaozungusha mashine ya kufua umeme. Baada ya hapo mvuke hupozwa, hurudi kuwa kimiminika, na mzunguko unaanza upya.

Wenzetu walifika wapi?

Israel ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 1979, huko Ein Bokek kando ya Bahari ya Chumvi, bwawa la mita za mraba 7,000 hivi lilifungiwa mtambo wa kilowati 150. Mwaka 1984 kwenye bahari hiyo hiyo, Beit HaArava, walijenga bwawa la zaidi ya mita za mraba 200,000 lenye mtambo wa megawati 5. Lilifanya kazi miaka michache tu, kisha likafungwa.

Marekani nayo ilijaribu huko El Paso, Texas, kwa bwawa la mita za mraba 3,000 hivi lililosimamiwa na chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1986 bwawa hilo lilianza kutoa umeme ulioingia kwenye gridi, na kiwanda cha vyakula cha jirani kilitumia joto lake. Miaka ya 1990 turubai la chini lilivuja, ikabidi bwawa likarabatiwe.

India walichukua njia nyingine. Huko Bhuj, jimbo la Gujarat, walichimba bwawa la mita za mraba 6,000, na katika miaka ya 1990 likawa linatoa maji ya moto kwa kiwanda cha maziwa. Australia nao, huko Pyramid Hill, walijenga bwawa la mita za mraba 3,000 kwa ajili ya joto la kukaushia chumvi.

Msomaji utaona mambo mawili. Kwanza, hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa bwawa la nyumba ya mtu. Dogo kuliko yote lina ukubwa wa karibu nusu ya uwanja wa mpira. Pili, waliokuja baadaye hawakushughulika sana na umeme, walitafuta joto. Sababu ya jambo hili la pili tuliiona tulipoingia kwenye daftari la mzee.

Hesabu ya mita 8 kwa 20

Risiti za LUKU zilionyesha kuwa nyumba ya mzee inatumia wastani wa uniti 8 kwa siku. Kuna friji, feni, taa, televisheni, pampu ya kisima na hita ya bafuni.

Jua la Dar es Salaam huleta wastani wa uniti 5 hivi za nishati kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bwawa la jua lililotunzwa vizuri hukamata kama asilimia 15 ya nishati hiyo na kuihifadhi kama joto. Mtambo unaotumia maji ya nyuzi 80 hubadilisha asilimia 6 au 7 tu ya joto hilo kuwa umeme. Zidisha asilimia 15 kwa asilimia 6 au 7, utapata asilimia moja. Kwa maneno mengine, katika kila uniti 100 za jua zinazoanguka juu ya bwawa, umeme ni uniti moja.

Mita 8 kwa 20 ni mita za mraba 160. Jua linaleta uniti 800 kwa siku, na asilimia moja yake ni uniti 8. Mzee alifurahi sana hapo.

“Umeona? Zinatosha kabisa!”

Zinatosha kwenye daftari. Katika uniti hizo 8 hatujatoa umeme wa pampu za maji ya moto na za maji ya kupozea. Vilevile bwawa dogo hupoteza joto jingi kupitia kingo zake, na siku za mawingu ya masika zipo. Halafu mtambo wenyewe wa kilowati moja unaotumia maji ya nyuzi 80 si bidhaa utakayoikuta Kariakoo ikiwa na vipuri na fundi wake.

Lakini tuseme yote hayo yametatuliwa na mzee anapata uniti zake 8. Zina thamani gani? Kwa bei ya wateja wa kawaida wa majumbani iliyopangwa mwaka 2016, Sh292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, uniti 8 kwa siku ni Sh852,640 kwa mwaka. Hayo ndiyo mapato yote ya bwawa, na gharama zote ni lazima zilipwe na fedha hiyo.

Magunia 1,200

Wengi wanaosimulia habari za bwawa la jua husahau gharama ya chumvi.

Maji ya bahari yana kilo 35 hivi za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Tabaka la chini la bwawa la jua linahitaji zaidi ya kilo 200. Kwa hiyo huwezi kuvuta maji ya bahari kwa mpira ukadhani umemaliza. Bwawa la mzee lingekuwa na kina cha mita 2.5: mita 1.2 za maji makali, mita moja ya blanketi na sehemu ndogo ya juu. Tulipojumlisha tulipata chumvi ya tani 60. Kwa magunia ya kilo 50, hayo ni magunia 1,200.

Bei ya gunia inatofautiana kwa msimu na kwa umbali, hivyo kila mtu apige hesabu kwa bei atakayoikuta. Ila kanuni ni rahisi: kila Sh10,000 unayolipa kwa gunia, ikiwemo kupakia na kusafirisha, ni Sh milioni 12 kwa bwawa. Kwa mapato ya Sh852,640 kwa mwaka, chumvi peke yake italipwa kwa miaka 14. Hapo bado hujachimba mita za ujazo 400 za udongo, ambazo kwa lori la mita 5 ni tripu 80. Bado hujanunua turubai zito la kuzuia maji yasivuje, wala mtambo.

Tena chumvi hiyo haikai ilipowekwa. Kila siku hupanda taratibu kutoka chini kwenda juu, na inabidi maji ya juu yasafishwe na chumvi mpya iongezwe chini. Kwa kawaida ni kilo 20 hadi 30 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kwa bwawa la mita 160 ni kati ya tani 3 na 5. Tukichukua tani 4, ni magunia 80 kila mwaka, na kwa Sh10,000 kwa gunia ni Sh800,000.

Mzee alirudia kuzidisha mwenyewe mara mbili. Umeme wa mwaka Sh852,640, chumvi ya mwaka Sh800,000.

“Kwa hiyo nitakuwa namfanyia kazi muuza chumvi,” alisema.

Kisima cha jirani

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye daftari la mzee, bali kwenye la majirani zake.

Ukanda huu wa pwani unaishi kwa visima. Wapo wenye bomba la DAWASA, lakini kisima bado ni msaada wa nyumba nyingi. Mahali pengine maji ya visima yameshaanza kuonja chumvi kwa sababu tunayavuta mengi na bahari inasogea chini kwa chini. Sasa fikiria tani 60 za chumvi, zilizoyeyushwa kwenye maji, zimekaa juu ya mchanga wetu huu unaopitisha maji kama chujio. Kinachozitenganisha na kisima ni turubai tu. Mzizi wa mwembe, panya au mkono wa fundi asiye makini unatosha kulitoboa, na uvujaji unaweza kuendelea muda mrefu bila kuonekana. Udongo na maji ya chini ya ardhi vikishaingia chumvi, kuvisafisha ni kazi ya miaka.

Aidha, zile tani 4 zinazopanda juu kila mwaka lazima zimwagwe mahali. Mabwawa makubwa huwa na vitalu vya kukaushia pembeni ili chumvi irudishwe chini. Katika kiwanja cha nyumba ya kuishi nafasi hiyo haipo, hivyo maji hayo yataishia kwenye mtaro, na mtaro unapita kwenye bustani ya mchicha ya mwenzako. Kwa walio karibu kabisa na bahari, wakumbuke pia kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Maji yasiyo ya chumvi nayo yanahitajika. Siku ya jua kali bwawa linaweza kupoteza milimita 5 za maji hewani. Kwa mita 160 ni lita 800, sawa na ndoo 40 za lita 20, kila siku. Upepo wa kusi ukivuma, mawimbi huanza kuchanganya matabaka na blanketi linachanika. Majani ya mwembe yakianguka, maji hupata rangi na jua halifiki chini. Wapo pia mbu wa malaria wa pwani wanaozaliana kwenye maji ya chumvichumvi.

La mwisho ni la uhai. Bwawa hili kwa juu linaonekana tulivu na la kuogelea. Mtoto au mbuzi akizama mita moja na nusu, anakutana na maji ya nyuzi 80. Nilimuuliza mzee wajukuu zake huja lini. Akasema kila likizo.

Paa au bwawa?

Nishati ya jua yenyewe haina kosa. Mzee anaweza kuivuna kwa njia nyingine.

Kwa jua letu, paneli za kilowati moja hutoa uniti 3.5 hadi 4 kwa siku baada ya kuondoa upotevu. Ili kupata uniti 8 anahitaji kilowati 2 na kidogo, ambazo hutandaza mita za mraba 12 hivi juu ya paa. Mita 12 za bati ambazo hazina kazi nyingine, dhidi ya mita 160 za ardhi ya Mbezi Beach. Kwenye mita 160 mtu anaweza kujenga nyumba mbili ndogo za kupangisha, na kodi ya miezi michache ingezidi umeme wa mwaka mzima wa bwawa.

Kwa haki, bwawa lina sifa moja ambayo paneli hazina. Linahifadhi joto kwa siku kadhaa, hivyo linaweza kutoa nishati hata usiku. Paneli zinahitaji betri, na betri ni ghali na huchakaa. Lakini nyumba iliyounganishwa na TANESCO haihitaji betri ya kubeba nyumba nzima. Inahitaji ya kubeba taa, friji na feni umeme unapokatika.

Tena tuligundua jambo dogo lenye faida ya haraka. Hita ya bafuni ya kilowati 4, watu wanne wakioga dakika nane kila mmoja, hula uniti 2 kwa siku. Hiyo ni robo ya LUKU yote ya mzee. Tangi la sola la kupasha maji juu ya paa linaondoa robo hiyo bila mtambo wala chumvi.

Mali ni joto

Rudi kwenye hesabu yetu ya mwanzo. Bwawa la mita 160 linakamata uniti 800 za jua na kuhifadhi asilimia 15, yaani uniti 120 za joto kila siku. Ukizigeuza kuwa umeme unabaki na 8. Uniti 112 umezitupa. Ndiyo sababu Bhuj waliuza joto kwa kiwanda cha maziwa na Pyramid Hill wakakaushia chumvi. Anayehitaji joto la nyuzi 60 au 70 analitumia lilivyo, bila kupita kwenye mtambo.

Sasa tujiulize, kwetu nani anahitaji joto la namna hiyo na tayari ana chumvi, ana ardhi isiyofaa kwa mazao na hana kisima cha jirani pembeni? Jibu lipo kilomita chache kaskazini ya Mbezi Beach. Ni mwenye mashamba ya chumvi wa Kunduchi na Ununio, na wenzake wa Bagamoyo, Lindi na Mtwara.

Mzalishaji huyu magunia 1,200 hayamhusu. Maji makali ya chumvi anayo kwenye vitalu vyake, yanatengenezwa na jua lile lile. Chumvi inayopanda juu ya bwawa anairudisha kitaluni. Na tatizo lake kubwa ni unyevu. Masika ikifika, kazi husimama na chumvi iliyovunwa hukaa na maji. Chumvi ya kula inatakiwa kuwekwa madini joto, na chumvi kavu ndiyo inayochanganyika vizuri na kukaa ghalani. Mwenye hewa ya moto ya kukaushia anauza chumvi safi iliyofungwa kwenye pakiti, si chumvi ghafi ya gunia. Joto hilo hilo linaweza kukausha mwani na dagaa wa majirani zake kwa malipo.

Sisemi kila mwenye shamba la chumvi achimbe kesho. Ninasema kwamba kama kuna mahali pa kufanyia majaribio nchini, ni pale, kwa ushirika wa wazalishaji wakisaidiana na wahandisi wa vyuo vyetu. Waanze na kitalu kimoja, wapime joto na gharama kwa mwaka mzima, ndipo waamue.

Maswali matano ya kujiuliza

Kwa msomaji ambaye bado ana kamba na mambo mkononi, ajiulize haya kabla ya kumlipa fundi. Je, ninahitaji umeme au joto? Chumvi ninayo, au nitainunua? Ardhi hii ingeniingizia nini kwa matumizi mengine? Bwawa likivuja, kisima cha nani kitaharibika? Na je, nimekwishatumia paa langu?

Ukiona jibu la swali la pili ni “nitainunua”, funga daftari hapo hapo.

Mzee wangu alifunga lake saa saba mchana. Alimpigia fundi simu, akamwambia asije Jumatatu. Kisha akasimama katikati ya zile kamba, akatazama juu ya bati la nyumba yake kwa muda mrefu, halafu akaniuliza tangi la sola la kutosha watu wanne ni la lita ngapi.

Nikamwambia lita 200 zinatosha, na wajukuu wakija likizo, wataoga kwa zamu.